Petroli Iliyopotea: Kabureta ya Gari Lililolala Msimu Mzima

(Hotuba ya Katibu mbele ya wanachama na watumishi wa Chama Kikuu, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi)



Wenzangu walionitangulia wamekwisha kuwaeleza jinsi Chama chetu kilivyoanza, mavuno yalivyopanda na kushuka, na matumaini tuliyo nayo kwa miaka ijayo. Mimi, kwa idhini ya Bwana Mwenyekiti, nimechagua jambo dogo ambalo huenda wengine wataliona kuwa halistahili sherehe. Nataka kusema habari za petroli inayovuja katika kabureta ya gari kuukuu lililokaa muda mrefu bila kwenda.

Ninazo sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba vyama vya msingi karibu vyote vina chombo cha namna hii: gari, pikipiki, pampu ya kumwagilia, au mashine ya kusaga, ambacho hufanya kazi msimu mmoja na kulala msimu mwingine. Sababu ya pili ni deni. Yumo mtu katika mkutano huu ambaye nina deni lake, na deni lenyewe ni la namna ambayo hulipwa hadharani.

Wote mnalijua gari letu. Ni Land Rover ya petroli, iliyotoka kiwandani Uingereza mwaka 1969, yenye injini ya lita 2.25 ya aina iliyoanza kutiwa katika magari hayo mwaka 1958. Limenizidi umri kwa miaka mingi. Hata hivyo limebeba mizani, mifuko, mbegu na dawa, na usiku mwingine limewabeba wagonjwa wetu kwenda hospitali. Kwa kuwa ni kuukuu na lanywa petroli, halmashauri iliamua, msimu mmoja ulipokwisha mwezi wa Septemba, kwamba lipumzishwe mpaka msimu utakapofunguliwa. Lilisukumwa katika banda lililo ubavuni mwa ghala la pamba, likafunikwa turubai. Hakuna aliyelifungulia maji wala mafuta. Likalala miezi minane.

Mwezi wa Mei liliamshwa. Liliwaka kwa shida, likatoa moshi mweusi, likaanza kazi. Safari ya kwenda kiwanda cha kuchambulia pamba na kurudi ni kilometa 120, na kwa miaka yote daftari langu lilionyesha kwamba safari hiyo yataka lita 20. Safari ya kwanza baada ya usingizi ule ilikula lita 26. Ya pili ilikula 27. Ya tatu 26 tena.

Ndugu wanachama, sote tumefundishwa kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilikuwa na daftari, na habari nilikuwa nayo: petroli ya wanachama ilikuwa ikipotea. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba daftari limenieleza pia ilikokwenda. Nilimwita dereva. Alisema kuwa gari lanuka petroli likiwa linakwenda. Tuliinamia chini ya gari asubuhi, tukakuta pakavu, nikaona kuwa anajitetea. Ili kutimiza wajibu tulilipeleka gari katika gereji moja mjini. Fundi wa huko alikaza skrubu za kabureta kwa nguvu, akaipaka gundi pembeni, akapokea fedha. Kwa siku mbili hali ilikuwa njema. Siku ya tatu hesabu ikarudi ilipokuwa. Ndipo nilipoandika barua ya onyo, thamani ya petroli ikakatwa katika mshahara wa dereva, na ajenda ya mkutano uliofuata ikawa na jina lake.

Kabla ya mkutano huo mzee huyu alinijia ofisini. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Katibu, kama mimi ni mwizi, njoo upekue nyumbani kwangu. Lakini kwanza fungua boneti, na umlete mtu anayejua." Tulimleta fundi mstaafu wa kijiji jirani. Nitayasema aliyonifundisha kwa utaratibu, kwani ndiyo faida ya hotuba yangu.

Kwanza yafaa tuelewe kabureta ni kitu gani. Kazi yake ni kuichanganya petroli na hewa kwa kiasi, ili injini ipate mchanganyiko wa kuungua. Ubavuni mwake mna bakuli dogo la kuwekea petroli. Katika bakuli hilo limo boya, ambalo mafundi huliita floti, na juu ya boya ipo sindano inayoziba tundu la kuingizia petroli. Kila mmoja wetu ameona tangi la maji la shule au la zahanati: maji yakijaa, boya hupanda na kufunga koki, yakipungua, boya hushuka na koki hufunguka. Kabureta ni vivyo hivyo. Pampu huleta petroli, boya hupanda, sindano hufunga. Ikiwa sindano haikufunga sawasawa, pampu haina habari. Itaendelea kusukuma, na petroli itafurika ndani ya injini na nje.

Sasa, kwa nini gari lililokuwa zima laanza kuvuja baada ya kulala? Petroli si kitu kimoja kama maji. Ni mchanganyiko wa vitu vyepesi na vizito. Katika bakuli dogo vile vyepesi huruka hewani baada ya majuma machache tu, na vinavyobaki hushikana na hewa vikageuka utomvu wa rangi ya kahawia, kama gamu. Utomvu huo huinata sindano isifunge, au hulibana boya lisipande. Pili, gasketi na vishina vya mpira vilivyozoea kulowa hukauka, hunywea na kupasuka. Tatu, tangi lisilojaa hupumua usiku na mchana. Unyevu huingia, hutonesha maji ndani, chuma hupata kutu, na kutu hiyo ndiyo itakayokwenda kukaa chini ya sindano. Nne, wako wadudu. Nyigu wa udongo hupenda tundu dogo tulivu kuliko mahali pote, na tundu la kupumulia la kabureta ni nyumba nzuri kwake. Katika nchi ambako petroli huchanganywa na spiriti, kama Uingereza ambako tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida yaweza kuwa na spiriti hadi sehemu 10 katika 100, wenye magari ya zamani wana taabu zaidi, maana spiriti huvuta maji na huharibu mipira ya zamani.

Fundi yule, kabla ya kugusa spana, alifanya jambo lililonitia aibu. Alitazama banda, akatazama ghala la pamba ukutani, akaniuliza, "Hapa ndipo gari linapolala?" Nikajibu ndiyo. Akasema hatafanya kazi mpaka gari litolewe nje, mbali na ghala. Kisha akanieleza. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hauendi juu kama moshi. Hutambaa chini kama ukungu, ukapita chini ya mlango, ukafika mbali na mahali ulipoanzia. Cheche moja ya swichi, kibiriti au sigara yatosha. Nyuma ya ukuta ule palikuwa na pamba ya wakulima wa vijiji kadha wa kadha, ambayo wengi wao walikuwa hawajalipwa. Nilikuwa nikihesabu lita sita za petroli, nami nimelaza moto kando ya mavuno ya mwaka mzima.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni hili: gari litolewe mahali pa wazi, injini ipoe, waya wa betri ufunguliwe, pasiwe na mtu wa kuvuta sigara wala jiko karibu, na ndoo ya mchanga au chombo cha kuzimia moto iwe tayari. Mchanga nasema, wala si maji. Petroli huelea juu ya maji, na ukiumwagia maji moto wake utausambaza.

Sharti la pili ni kujua panapovuja kabla ya kufungua. Hapa ndipo tulipodanganyika. Katika gari letu tangi liko chini ya kiti, chini kuliko kabureta, na pampu huendeshwa na injini. Injini ikizimwa pampu nayo husimama, uvujaji hukoma, na petroli iliyotoka hukauka mara moja. Ndiyo sababu asubuhi tulikuta pakavu. Usijaribu kutafuta uvujaji huku injini ikiwaka, maana katika injini hii kabureta imekaa juu ya bomba la moto la eksoza. Pampu ya gari letu ina kijiti kidogo chini yake cha kusukumia kwa mkono. Fundi aliikausha kabureta kwa kitambaa, akaipaka vumbi la chaki, akasukuma kijiti polepole injini ikiwa imezimwa na baridi. Chaki ilipolowa tukaona wenyewe. Petroli ilitokea sehemu mbili: katika tundu la kupumulia juu, na katika kiungo cha kifuniko na bakuli.

Alitufundisha kuzisoma alama hizo. Ikiwa petroli yatoka katika kiungo cha bomba, taabu ni nati au mpira, na huhitaji kufungua kabureta. Ikiwa yatoka juu, katika tundu la kupumulia, au yamiminika kooni mwa kabureta, basi sindano au boya halifanyi kazi. Ikiwa yatoka katika kiungo cha kifuniko, gasketi imekauka au kifuniko kimepinda. Ikiwa yatoka chini katika vizibo, angalia vishina vyake. Injini ikitoa moshi mweusi, nayo ikiwaka kwa shida ikiwa ya moto, ni dalili kwamba petroli inafurika ndani hata kama nje ni pakavu. Hivyo ndivyo lita zetu sita zilivyokwenda: nyingine zilidondoka njiani, na nyingine injini ilizinywa bila faida na kuzitoa kwa moshi.

Ndipo akafungua. Skrubu zote alizipanga juu ya gazeti kwa mfano wa zilivyokaa, ili kila moja irudi kwake. Ndani ya bakuli tulikuta utomvu wa kahawia na kutu nyembamba kama ugoro. Aliosha kila kitu kwa petroli safi na brashi, nje, palipo na upepo. Matundu ya jeti aliyapuliza kwa pampu ya baiskeli. Kijana mmoja alimpa waya, akaukataa. Matundu hayo yametobolewa kwa kipimo, nawe ukiyakwaruza kwa waya umeyaongeza, na gari litakunywea petroli maisha yake yote.

Boya alilitikisa sikioni. Likilia maji ndani, limetoboka na halitaelea. Boya la shaba hupimwa kwa kuzamishwa katika bakuli la maji ya moto, yaliyochemshwa mbali na kazi: hewa iliyomo hutanuka, na mapovu huonyesha tundu. Laweza kuzibwa kwa lehemu, lakini sharti petroli yote itolewe kwanza na mvuke uishe, maana ukipeleka chuma cha moto kwenye boya lenye petroli umelifanya kombora. Lehemu nayo iwe kidogo, kwani boya zito hukaa chini na petroli hupanda mno. La kwetu lilikuwa zima.

Sindano alituonyesha mbele ya jua. Ncha yake ilikuwa na mfereji mwembamba ulioizunguka kama pete, alama ya kusuguana na kiti chake miaka mingi. Sindano ya namna hiyo haisafishiki. Hubadilishwa, tena pamoja na kiti chake, kwa kuwa mpya na kuukuu hawakai vizuri. Jaribio lake ni rahisi: kifuniko hupinduliwa ili boya liikalie sindano kwa uzito wake, kisha hewa hupulizwa kidogo kwa mpira katika bomba la kuingizia. Hewa isipite. Boya likiinuliwa, ipite.

Kisha akafika kwenye kazi ya yule fundi wa mjini. Aliweka kifuniko juu ya kioo cha dirisha, tukaona mwanga ukipita katikati. Kilikuwa kimepinda. Madini ya kabureta ni laini. Ukikaza skrubu za pembeni kwa nguvu ili kuzuia uvujaji, kifuniko hujikunja, na uvujaji huzidi. Ile gundi ya silikoni nayo haikufaa kitu, kwani ya kawaida huvimba na kulegea ikiguswa na petroli, na vipande vyake huenda kuziba jeti. Alitandika msasa laini juu ya kioo, akakisugua kifuniko kwa mzunguko, bila kukikandamiza, mpaka uso wote ukang'aa sawasawa. Akaosha vumbi lote, akatia gasketi mpya, akazikaza skrubu kwa zamu, moja huku na nyingine ng'ambo yake, kidogo kidogo. Urefu wa boya aliupima kwa rula kama kitabu cha gari kilivyoagiza. Kila kabureta ina kipimo chake, usikisie.

Kabla ya kuwasha aliomba tuchomoe kijiti cha kupimia oili, tunuse. Oili ilinuka petroli. Kabureta ikifurika, au kiwambo cha pampu kikipasuka, petroli huteremkia kwenye oili na kuifanya nyepesi, na injini huliwa bila kelele. Tulibadilisha oili, na kiwambo kilionekana kuwa kizima. Akasukuma kwa mkono, tukangoja robo saa. Chaki ilibaki kavu. Ndipo betri ikafungwa, na injini ikawaka.

Safari iliyofuata ilitumia lita 20 na nusu. Gharama ya sindano, kiti, gasketi na oili haikufika nusu ya fedha tulizomlipa fundi wa gereji pamoja na petroli tuliyoimwaga.

Bwana Mwenyekiti, nimebaki na maneno ya kinga. Gari likilala juma moja au mawili, liwashwe na kwendeshwa mpaka lipate moto sawasawa. Likilala miezi, bakuli la kabureta litolewe petroli yote. Tangi ama limwagwe likaushwe, ama lijazwe mpaka juu ili unyevu usipate nafasi. Na betri itolewe. Matundu yafungwe kwa kitambaa, na karatasi ifungwe kwenye usukani ikieleza yaliyofungwa, ili atakayeliamsha asisahau. Siku ya kuliamsha, petroli ya zamani isitumike, mipira yote ikunjwe kwa vidole kuona kama imepasuka, oili inuswe, na pampu isukumwe kwa mkono kabla ya ufunguo kugeuzwa. Tena chombo cha petroli kisilale kamwe ukuta mmoja na pamba. Halmashauri imekwisha kukubali hilo la mwisho, na banda jipya mnaliona kule karibu na barabara.

Wazee mnakumbuka kwamba vyama vikuu vya nchi yetu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mnajua kuliko mimi jinsi ilivyo kazi kukiamsha kitu kilicholala: mihuri ilikuwapo, majengo yalikuwapo, lakini kila kiungo kilihitaji kufunguliwa na kutazamwa.

Sasa nalipa deni. Dereva wetu, mzee wangu, uko pale nyuma karibu na mlango. Fedha iliyokatwa ulirudishiwa mwisho wa mwezi ule, na barua ya onyo ikaondolewa katika jalada lako. Lakini barua ile niliiandika kwa mkono wangu, na wanachama wengi walisikia habari zake. Msamaha nilikuomba ofisini, mlango ukiwa umefungwa, na huo haukutosha. Leo nakuomba radhi mbele ya wote walioisikia. Ulisema kweli tangu siku ya kwanza, ulipotuambia kuwa gari lanuka. Tulikuwa na pua kama wewe; tulikataa kuzitumia.

Kwa makatibu na watunza hazina wa vyama vya msingi nasema hivi: mkiona hesabu haikutimia, msinyamaze, maana ni mali ya watu. Lakini daftari huonyesha kwamba kitu kimepungua, halimtaji aliyekichukua. Kabla ya kuandika jina la mtu, fungueni boneti.